Mwana wa Mhunzi na Chusa cha Mvuvi

Waswahili husema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni neno la zamani lenye maana ya kufua chuma, na kuvukuta ni kuendesha mivukuto ipulizayo moto. Aliyezaliwa katika nyumba ya kazi hakosi sehemu yake katika kazi ile. Kama mkono wake haujaweza kuinua nyundo, basi utaweza kusukuma hewa. Na kwa kusukuma hewa siku hata siku, macho yake yatajifunza rangi za moto, masikio yake yatajifunza mlio wa chuma, na hatimaye nyundo itamjia mkononi pasipo mtu kutangaza kwamba leo amehitimu.

Katika makala haya twapenda kuichukua methali hiyo kama ilivyo, tuulize: mwana huyo yuko wapi leo, na ujuzi wa baba yake uko wapi? Ili swali lisipotee hewani, tumechagua kifaa kimoja kidogo, kinachotosha katika kiganja cha mkono, nacho ni chuma cha chusa, yaani kile chuma kinachotiwa mbele ya mkuki wa kuvulia samaki. Habari za jembe, shoka na mkuki wa vita zimesimuliwa mara nyingi. Chusa kimeachwa nyuma, labda kwa sababu mvuvi hukaa pembezoni mwa nchi, na kazi yake hufanyika mahali pasipobaki alama. Hata hivyo, yeyote aliyejaribu kutengeneza chuma cha chusa anajua kwamba kifaa hiki kinamdai mhunzi mambo ambayo jembe halimdai.

Mkuki wa vita huingia na kutoka. Chusa sharti kiingie na kukaa. Samaki ni mtelezi, ana nguvu, naye yumo katika maji ambayo ni kwake yeye, si kwa mvuvi. Akichomwa na chuma kilaini kisicho na meno, atajipindua mara moja na kwenda zake akiwa na jeraha, na mvuvi atabaki na mti wake. Kwa hiyo tangu zamani sana watu wa Afrika ya Mashariki na ya Kati wamekuwa wakijiuliza swali lile lile: namna gani ncha iwe kali ya kutosha kuingia, iwe na meno ya kutosha kushika, tena isivunjike?

Chusa cha mfupa

Jibu la kwanza halikuwa la chuma. Mahali paitwapo Ishango, katika Kongo, pale Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, mtaalamu wa Ubelgiji Jean de Heinzelin alichimba katika miaka ya 1950 akakuta ncha nyingi za mfupa zilizochongwa meno ubavuni. Ncha hizo zinakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 na zaidi. Baadaye, mwaka 1995, wachunguzi wengine walitangaza habari za ncha kama hizo kutoka Katanda, kando ya mto huo huo, nao walizikadiria kuwa na umri wa karibu miaka 90,000. Makadirio hayo yalizua mabishano miongoni mwa wataalamu. Lakini hakuna aliyebisha kwamba meno yale yalichongwa kwa mikono ya watu waliojua walichokuwa wakikitafuta. Pamoja na ncha hizo ilikutwa mifupa ya kambale wakubwa, wale wanaosogea kwenye maji machache wakati wa kutaga mayai.

Wasomaji waliokulia karibu na mito na vinamasi watatabasamu hapa. Mpaka leo mvua za kwanza zinyeshapo, kambale hupanda vijito, na watu huwasubiri kwenye maji ya magoti wakiwa na mikuki. Mbinu hiyo, basi, ni ya kale kuliko kilimo, kuliko chungu, na kuliko chuma chenyewe.

Katika Ziwa Turkana, upande wa kaskazini mwa Kenya, ncha za mfupa zimekutwa pia, kwa mfano huko Lowasera, na umri wake unakaribia miaka 9,000. Kando ya ziwa hilo hilo wanaishi Waelmolo, ambao wamejulikana kwa uvuvi wa chusa. Mti wa chusa chao walikuwa wakiutengeneza kwa mzizi wa mti wa miiba, na kamba kwa nyuzi za mkoma. Chuma chake kimefanya kazi ile ile iliyofanywa na mfupa zamani. Hapo twaona jambo la kukumbuka: mkono uliofua chuma cha chusa haukuanza kufikiri siku uliposhika chuma. Ulipokea umbo lililokwisha kupimwa kwa maelfu ya miaka, ukalitia katika maada mpya.

Chuma kinaingia

Maada hiyo mpya haikuletwa yote kutoka ng'ambo, kama vitabu vya wakoloni vilivyopenda kudokeza. Ni kweli kwamba kitabu kimoja cha baharia wa Kiyunani, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kinataja mikuki iliyotengenezwa Muza, katika Uarabuni, makusudi kwa biashara ya pwani yetu, pamoja na mashoka madogo, visu na vyuma vya kutobolea. Kitabu hicho hicho kinaeleza juu ya watu wa kisiwa kilichoitwa Menouthias, waliokuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya kuchongwa, wakivua na kukamata kasa. Lakini mfanyabiashara huandika alichouza. Haandiki ambacho mnunuzi anacho nyumbani. Uchimbaji wa Profesa Felix Chami huko Limbo, karibu na pwani ya kusini ya Dar es Salaam, ulionyesha kwamba katika karne za mwanzo baada ya Kristo watu wa sehemu hizo walikuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe.

Bara nako kazi hiyo ilikuwa imefika mbali. Katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Viktoria, huko Buhaya, zilichimbuliwa tanuri za chuma zenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, ambao hawakuwa wameyeyusha chuma kwa miaka mingi, walikubali kuijenga upya tanuri ya baba zao mbele ya wachunguzi. Walichoma majani ya kinamasi katika shimo la tanuri yakawa makaa. Wakajenga tanuri juu yake. Wakaingiza mabomba ya udongo ndani kabisa, hata hewa ya mivukuto ikawa inapata joto kabla ya kukutana na moto. Kwa njia hiyo walipata chuma ambacho sehemu yake ilikuwa chuma cha pua. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1978 na Peter Schmidt pamoja na Donald Avery, zikawashangaza wengi waliodhani kwamba ujuzi wa namna hiyo ulikuwa mali ya Ulaya peke yake.

Wahaya hawakuwa peke yao. Wafipa walijenga tanuri ndefu za udongo, zilizofika kimo cha meta 3 hivi, ambazo zilivuta hewa zenyewe pasipo mivukuto. Magofu yake yameendelea kuonekana katika nyanda za Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Warongo walifanya kazi hiyo kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria. Huko Ugweno, katika Upare ya Kaskazini, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi, na Wachaga walikuwa wakipata chuma kutoka kwao. Msomaji asikilize vema jina hilo la Washana, kisha alirudie neno la methali yetu, kusana. Methali ya pwani na ukoo wa milimani zinasikilizana.

Kuhusu pwani yenyewe tuna ushahidi unaohusu somo letu moja kwa moja. Al-Idrisi, mwandishi wa jiografia aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walivua samaki wa namna mbalimbali, wakawakausha na kuwauza. Tena kwamba walikuwa na machimbo ya chuma, na chuma hicho ndicho kilichowapa faida kubwa. Yeye hakufika huku. Aliandika aliyoyasikia kwa wasafiri. Hata hivyo, mji mmoja na kazi mbili, uvuvi na chuma, ndiyo picha iliyowafikia wasafiri wale. Mhunzi na mvuvi walikuwa majirani.

Kiwandani mwa mhunzi

Sasa na tuingie kiwandani, tuone chuma cha chusa kinavyozaliwa. Zana ni chache: fuawe, nyundo kubwa na ndogo, koleo, tindo, tupa, na mivukuto. Kipande cha chuma hulazwa katika makaa, na mvukutaji hufanya kazi yake kwa mwendo wa sawasawa. Akiharakisha mno makaa huteketea bure, akilegea chuma hupoa. Mhunzi hatazami saa. Hutazama rangi. Chuma hupita wekundu wa giza, kikafika wekundu wa kung'aa, kisha kikaelekea umanjano. Hapo ndipo kinapokubali nyundo. Kikiachwa hata kikawa cheupe na kuanza kutoa cheche, kimeungua, na hakina faida tena.

Kwanza mhunzi hukirefusha chuma, akikigeuza kila baada ya pigo, mpaka upande mmoja uwe mwembamba. Kisha huja kazi ya meno. Chuma kikiwa bado chekundu, huweka tindo ubavuni kwa mshazari, akapiga pigo moja au mawili, akakata sehemu tu ya unene wake, halafu akauinua ule ulimi uliokatwa utokeze nje, ncha yake ikielekea nyuma. Hapa ndipo mkono wa mwanafunzi unapojulikana. Akikata kidogo, jino halishiki. Akikata sana, chuma kinadhoofika pale pale panapopata shida kubwa. Jino likiinuliwa mno, chusa hakiingii katika nyama. Likilala mno, kitatoka kama kilivyoingia. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Kipo katika jicho la mtu aliyevukuta miaka mingi.

Upande wa nyuma hutengenezwa kwa mojawapo ya njia mbili. Ama huchongoka kama msumari, ukapigiliwa ndani ya mti na kufungwa kwa kamba au pete ya chuma ili mti usipasuke; ama hupondwa uwe mpana kama kipepeo cha mkono, kisha ukakunjwa kuwa mfuko ambamo mti huchomekwa. Kwa samaki wa kadiri, chuma na mti huwa kitu kimoja. Lakini kwa samaki mkubwa wazee walibuni njia ya werevu zaidi. Chuma hakikazwi, huchomekwa kwa kulegea tu, na kamba hufungwa katika chuma chenyewe. Samaki akichomwa, mti huchomoka ukaelea, na chuma hubaki mwilini kikiwa kimeshikwa na kamba. Sababu yake ni wazi kwa mwanafunzi aliyesoma habari za wenzo: mti mrefu ukibaki umekazwa, samaki akijitupa huku na huku, mti ule ungefanya kazi ya wenzo, ukapasua nyama au ukavunja chuma. Ukiondoka, nguvu yote hupita katika kamba, na kamba haivunjiki kwa kupinda. Munda wa kuwindia viboko ulitengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo. David Livingstone na wenzake walizieleza silaha za namna hii walizoziona katika Mto Zambezi, katika kitabu kilichotoka mwaka 1865.

Imebaki kazi ya kutia maji. Chuma cha pua kikipashwa moto na kuchovywa ghafula katika maji huwa kigumu, lakini pia huwa chepesi kukatika. Ndiyo sababu hupashwa tena moto kidogo ili ukali wake upunguzwe. Chuma laini hakibadiliki sana kwa kuchovywa. Je, kipi kinafaa chusa? Jibu hutegemea mahali. Penye tope na majani, ncha ngumu hudumu na ukali wake. Penye miamba ya matumbawe, ncha ngumu kupita kiasi itagonga jiwe na kukatika, ilhali ncha laini itapinda tu, nayo hunyoshwa kwa jiwe jioni ile ile. Kwa hiyo mhunzi mwema hakuuliza tu, "Wataka chusa?" Aliuliza pia, "Wavua wapi?"

Mkono wa mvuvi

Kazi ya mhunzi hukamilishwa na mvuvi. Naye ana elimu yake. Anajua kwamba samaki anayeonekana majini hayupo pale anapoonekana: mwanga hupinda utokapo majini kuingia hewani, na samaki huonekana juu kidogo kuliko alipo. Hivyo hulenga chini ya kivuli kile. Wanafunzi hujifunza kanuni hii darasani kwa kijiti kilichotumbukizwa katika bilauri ya maji. Mtoto wa mvuvi aliijua kabla hajavaa viatu vya shule. Mvuvi anajua pia kwamba maji ya chumvi ni adui wa chuma, kwa hiyo akirudi huosha chusa chake kwa maji baridi, hukifuta, na kukipaka mafuta.

Moto wa tanuri wazimika

Katika muda wa kizazi kimoja au viwili, tanuri zilizodumu kwa karne nyingi zilizimika. Hazikuzimika kwa sababu ya upungufu wa akili ya wenyewe. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Juu ya reli hizo ziliingia bidhaa za viwanda vya Ulaya: majembe, visu, nyaya na vyuma vya kila namna, kwa bei ambayo tanuri ya makaa haikuweza kushindana nayo. Vijana, kwa upande wao, walihitajika katika mashamba ya walowezi ili wapate fedha za kodi. Kuyeyusha chuma ni kazi ya watu wengi kwa siku nyingi: kuchimba mtapo, kukata miti, kuchoma makaa, kufinyanga mabomba, kujenga. Watu hao walipotawanyika, tanuri ikabaki kichuguu.

Lakini hapa yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuyeyusha mtapo ni kazi moja; kufua chuma kilichokwisha patikana ni kazi nyingine. Ya kwanza ilikufa, au ilikaribia kufa. Ya pili haikufa. Mhunzi aliyekosa chuma cha tanuri aliokota chuma cha mgeni. Chuma cha reli kikawa fuawe. Springi ya motokaa iliyovunjika ikawa panga, na kwa kuwa ni chuma cha pua, ikawa ncha nzuri ya mkuki. Nondo ya kujengea, iliyo laini, ikawa chusa cha mwambani. Mivukuto ya ngozi ikapokewa mahali pengine na ya mpira au na gurudumu la baiskeli linalozungusha pangaboi. Mtu asiyejua ataona takataka zimegeuzwa kuwa zana. Sisi twaona methali ikitimia: mwana wa mhunzi, aliponyimwa kusana, alivukuta.

Baada ya Uhuru, Tanzania ilianzisha mwaka 1973 Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na wahunzi walihesabiwa miongoni mwa wenye viwanda. Hilo lilikuwa jambo la heshima. Hata hivyo, shirika lolote haliwezi kumrithisha mtoto jicho la kutambua rangi ya moto. Jicho hilo hurithishwa kwa kukaa pamoja.

Tukikumbuke tunachokipoteza

Hatusemi kwamba kila mtu arudie kuvua kwa chusa. Wakati umebadilika, na bahari nayo imebadilika. Kasa na nguva, waliowindwa zamani, sasa wanalindwa na sheria kwa kuwa wamebaki wachache. Na nchini Kenya bunduki za kurushia mikuki ya samaki zilipigwa marufuku mwaka 2001 kwa ajili ya madhara yake kwa samaki wa miambani. Mwanafunzi atakayependa kuijua kazi hii na asianze kwa kwenda majini. Aanze kwa kuijua sheria ya mahali pake.

Tunachokisema ni kingine. Wazee wa Buhaya walipoijenga tanuri yao mwaka 1976, walikuwa miongoni mwa watu wa mwisho walioikumbuka kwa mikono yao. Kama wangaliulizwa miaka 20 baadaye, pengine leo tungekuwa na vipande vya udongo tu, na wengi wangeendelea kuamini kwamba mababu zetu walingoja chuma kutoka kwa wengine. Ushahidi ule uliokolewa kwa sababu mtu aliuliza wakati mwenye kujibu alikuwa bado hai. Kwa habari za chusa, muda huo haujapita. Katika miji na vijiji vyetu wangalipo wahunzi wanaojua jino lilale vipi, na wavuvi wanaojua ncha ipi ni ya tope na ipi ni ya mwamba.

Kwa hiyo twawaomba walimu wawapeleke wanafunzi wao kwa watu hao wakiwa na daftari na kipimo. Wapime urefu wa chuma, idadi ya meno na mshazari wake, wachore, waandike majina ya kila sehemu kwa lugha ya mahali pale, kabla majina hayo hayajapotea, waulize chuma kimetoka wapi, na baba wa mhunzi alitumia chuma gani. Kisha mmoja wao, kwa idhini ya mwenye kiwanda, na aketi kwenye mivukuto kwa saa moja. Mikono itamwuma, na moshi utamtoa machozi. Lakini atakapoinuka hapo atakuwa amekwisha kuona, kwa macho yake mwenyewe, chuma kikipita kutoka wekundu wa giza mpaka umanjano, na atajua ni wakati gani nyundo inashuka.